Nilimfungia mume wangu chumbani ili aache nipa

SWALI: Shikamoo Mama Muuguzi. Mume wangu ana miaka 41. Zamani alikuwa mtu wa uraka tu, pombe ya maji ya mabibo ya korosho. Mabibo yakiisha naye anapumzika. Sasa ni nipa, ile pombe kali ya mabibo inayopikwa kama gongo, mwaka mzima, na asipozimua alfajiri hawezi kushika kikombe cha chai bila kukimwaga. Mwezi uliopita alilia, akaapa mbele ya baba yake mdogo kwamba ameacha. Tukakubaliana, naye akiwemo, tumfungie chumbani wiki nzima. Siku ya kwanza alitetemeka na kutapika. Usiku wa pili akaanguka, mwili ukakakamaa, akatoa povu. Siku ya tatu akawa anapangusa siafu ukutani, siafu ambao sisi hatuwaoni. Mama mkwe akasema mwanawe amerogwa, akampa nipa nusu kikombe, akatulia. Sasa anakunywa kama zamani. Wifi yangu wa Dar anasema apelekwe kwenye methadoni. Je, hili ni jini? Na kama machozi yale yalikuwa ya kweli, mbona karudia? Naona aibu kukwambia, lakini nipa yenyewe anaipika mama mkwe, hapa hapa uwanjani.
*Mama wa watatu, Tandahimba*

JIBU: Marahaba, mwanangu. Nilipofika pale kwenye siafu niliiweka barua yako chini, nikatoka nikakaa barazani.

Mwaka 1988 sisi nasi tulimfungia kaka yetu. Tulimwekea maji na uji wa mtama, tukafunga kwa nje, na kila mmoja wetu aliona tunamtendea wema. Siku mbili aligonga mlango akituita kwa majina. Alfajiri ya tatu kukawa kimya, tukashukuru kwamba amepata usingizi. Mama ndiye aliyefungua. Nilikuwa bado sijasomea uuguzi, na hakuna hata mmoja pale nyumbani aliyejua kwamba kuacha pombe ghafla kunaweza kumuua mtu aliyeizoea hivyo.

Kwa hiyo nisikilize. Siafu wale si jini wala si mkono wa mtu. Pombe hupooza ubongo. Mtu akinywa kila siku kwa miaka, ubongo nao hujikaza ili uweze kufanya kazi humo humo ndani ya pombe. Ni kama watu wawili wanaosukuma mlango mmoja, huyu ndani na yule nje: wa nje akiachia ghafla, wa ndani anaanguka kifudifudi. Kutetemeka huanza saa chache tu tangu tone la mwisho. Kuanguka kama mwenye kifafa hutokea zaidi katika siku mbili za mwanzo. Kuona vitu visivyokuwepo, kuweweseka na joto kupanda huja kati ya siku ya pili na ya nne, na hapo ndipo watu hufa. Mumeo alikuwa amefika hapo. Nipa ya mama mkwe ilimtuliza kwa kuwa iliurudishia ubongo kile ulichokizoea, uchawi hauhusiki.

Msimkatishe tena ghafla nyumbani. Mpelekeni kwanza hospitali ya wilaya, nao wakiona hali yake inahitaji zaidi watampa rufaa ya kwenda Ligula, hospitali ya rufaa ya mkoa kule Mtwara mjini. Ukifika useme yote: anakunywa kiasi gani kwa siku, mara ya mwisho ilikuwa saa ngapi, na kwamba aliwahi kuanguka. Hilo la kuanguka usilifiche kwa aibu, maana aliyeanguka mara moja ni rahisi kuanguka tena. Kwa kawaida hupewa daizepamu, dawa ya kutuliza ubongo, dozi ikipunguzwa siku hadi siku, pamoja na vitamini B1, ambayo walevi wa muda mrefu huwa wameishiwa nayo na bila hiyo akili inaweza kuharibika moja kwa moja. Usiende dukani kununua daizepamu ukampa mwenyewe. Ikikutana na nipa mwilini inaweza kumkata pumzi.

Wifi yako ana nia njema, ila methadoni ni ya waliozama kwenye heroini. Ilianza kutolewa Muhimbili mwaka 2011 na imewainua vijana wengi, lakini haitibu pombe.

Kuhusu machozi: yalikuwa ya kweli, nami naomba uyaamini. Kutaka kuacha na kuweza kuacha ni vitu viwili. Mwili ukishasafishwa, kumbukumbu inabaki. Harufu ya mabibo yaliyoiva tu inatosha kumwamsha kiu. Na ninyi mlimfungia chumba ambacho moshi wa mtambo wa kupikia nipa unapita dirishani!

Mama mkwe usimgombeze. Najua mabibo ni ya bure chini ya mikorosho, na najua nipa ile huenda ndiyo inayonunua madaftari ya wanao. Mtafute mzee anayemheshimu, labda huyo baba mdogo, amweleze kwamba mwanawe alikaribia kufa mkononi mwake na mwako. Msimwombe mambo kumi. Mwombeni moja tu: mtambo uondoke kwenye uwanja anaolala mwanawe.

Fedha za korosho zikilipwa baada ya mnada, mkazipokee pamoja, na hili mlipange sasa angali na akili timamu, yeye mwenyewe akubali. Akitoka hospitali asikae bila kazi wala bila mtu. Mrudishe kliniki kwa tarehe zote anazopewa, hata akisema amepona. Akiteleza, na wengi huteleza zaidi ya mara moja, mrudisheni kwa daktari siku hiyo hiyo.

Hukuniambia kama mlango wa kile chumba bado una komeo kwa nje. Kama lipo, ling'oeni leo.