Mtoto wa Darasa la Kwanza Asiyejua Kusoma Bado

SWALI: Mwalimu, Tumsifu Yesu Kristo. Mwanangu ana miaka sita na yuko darasa la kwanza katika shule ya Kikatoliki inayofundisha kwa Kiingereza. Ripoti ya muhula wa kwanza imemweka karibu na mkia kwa sababu hajaweza kusoma sentensi. Mwalimu wake ameshauri apate twisheni kila jioni, la sivyo huenda akakariri darasa. Wifi zangu nao wanasisitiza nimpeleke bweni kwa masista ili anyooke. Nifanye nini?
Mama, Morogoro

JIBU: Milele na milele, amina. Nianze na la bweni, kwa kuwa serikali imekwisha kulisemea: tangu tarehe 1 Machi 2023 huduma ya bweni kwa watoto wa darasa la awali hadi la nne imezuiwa, isipokuwa kwa kibali maalumu cha Kamishna wa Elimu. Naiunga mkono hatua hiyo kwa moyo wote. Masista wengi ni walezi hodari, lakini mtoto wa miaka sita anahitaji kulala chini ya paa moja na mama yake.

Sasa tuje kwenye kusoma. Mwanao amebebeshwa kazi mbili kwa wakati mmoja, yaani kutambua kwamba herufi zinawakilisha sauti, na kujifunza lugha ambayo, kama nyumbani kwenu mnazungumza Kiswahili, haisikii mezani wala kitandani. Kazi ya kwanza ni nyepesi zaidi kwa Kiswahili, kwa sababu maandishi yake hufuata matamshi: aliyejua ba, be, bi, bo, bu anaweza kuunganisha silabi na kusoma neno ambalo hajawahi kuliona limeandikwa, ilhali Kiingereza humtaka akariri tahajia nyingi zisizolingana na sauti. Mtoto akishaelewa jinsi sauti zinavyoungana katika lugha yake, ufahamu huo huhamia katika lugha ya pili, na hapo kinachobaki ni kujifunza maneno mapya na tahajia zake. Kwa hiyo msomeshe silabi za Kiswahili nyumbani bila kuogopa kwamba utamchanganya.

Robo saa kila jioni inatosha. Tumia maneno anayoyajua, kama vile kuku, maziwa na jina lake mwenyewe. Kama tayari anaisali Baba Yetu kwa kichwa, iandike kwa maandishi makubwa kwenye karatasi, kisha mwache aisali polepole huku kidole chake kikifuata neno kwa neno. Mdomo unajua kinachofuata, kwa hiyo jicho lina nafasi ya kuona kila neno linavyoandikwa, na hofu ya kukosea hupungua sana. Nimeona njia hii ikiwafaa watoto waliokuwa wamekwisha kuamini kwamba hawawezi.

Twisheni ya kila jioni siikubali kwa umri huu. Mtoto aliyeamka alfajiri kuwahi basi la shule, akakaa darasani hadi mchana, anahitaji kucheza, kula na kulala. Ukimwongezea dawati la pili kwa siku, atakachojifunza ni kukichukia kitabu.

Kuhusu kukariri darasa, usikubali wala usikatae kabla ya kukutana na mwalimu. Nafasi aliyoshika haikuambii lolote juu ya tatizo lenyewe. Muulize: anatambua sauti za herufi zote? Anaweza kuunganisha silabi mbili? Anauona ubao na kusikia vizuri anapokaa? (Baadhi ya watoto wanaoitwa wazito wanahitaji miwani tu.) Mkumbushe pia, kwa upole, kwamba tangu mtaala wa 2015 darasa la kwanza na la pili yamejengwa juu ya kusoma, kuandika na kuhesabu, yaani KKK, na kwamba mwanao bado yupo ndani ya kipindi hicho cha miaka miwili. Huombi fadhila unapodai mazungumzo hayo, kwani Kanuni ya 796 ya Sheria za Kanisa za mwaka 1983 inawataka wazazi na walimu washirikiane kwa karibu, na inawataka walimu wawasikilize wazazi.

SWALI: Mimi ni Mwislamu. Binti yangu ameanza darasa la kwanza kwa masista kwa sababu ya malezi mazuri, lakini sasa anafanya ishara ya msalaba kabla ya kula. Je, wanambadilisha dini?
Baba, Tabora

JIBU: Anaiga wenzake, kama watoto wote wa umri wake. Kanisa lenyewe linakataza kumlazimisha mtu imani: ndivyo Mtaguso wa Pili wa Vatikano, yaani mkutano mkuu wa maaskofu Wakatoliki, ulivyotamka katika tamko lake la Desemba 1965 juu ya uhuru wa dini, na ibara ya 19 ya Katiba yetu inalinda haki hiyohiyo. Usimgombeze mtoto. Mfundishe dua ya chakula ya nyumbani kwenu, mweleze kwamba hiyo ndiyo ya familia yake, kisha mwandikie mwalimu mkuu barua ukiuliza wanafunzi Waislamu hufanya nini wakati wa sala na wa kipindi cha dini, na uombe jibu la maandishi.