Bastola chini ya mto

SWALI: Shikamoo mzee. Tunaishi Houston, Texas. Tangu jirani avunjiwe nyumba, mume wangu analala na bastola yenye risasi chini ya mto. Anasema ikifungiwa hataiwahi. Mtoto wetu ana miaka 4.
Mama wa mmoja

JIBU: Marahaba mwanangu. Itoeni hapo leo hii. Nimetunza ghala la silaha miaka 19, na nakuambia vidole vya mtoto wa miaka 4 vinatosha: huigeuza bastola imwelekee yeye mwenyewe, akasukuma kifyatulio kwa dole gumba zote mbili.

Hofu ya mumeo naielewa. Nunueni kasha dogo la chuma, kama boksi la viatu, la kufungua kwa vitufe, mlikaze kwa bolti karibu na kitanda. Kasha la kufungua kwa alama ya kidole silipendi. Mkono wenye jasho au maji mara nyingi hukataliwa. Afanye mazoezi gizani, bastola ikiwa tupu, risasi zikiwa chumba kingine, mpaka vidole vizoee. Ni sekunde chache tu. Betri ibadilishwe kabla haijafa, na ufunguo wa akiba usikae kwenye droo anayoifikia mtoto.

Atakwambia chemba, pale risasi inapokaa tayari kufyatuliwa, ni tupu. Sheria ya Texas haimsikilizi: silaha yenye risasi ndani huhesabiwa tayari kufyatuka hata chemba ikiwa tupu, na anayezembea mtoto wa chini ya miaka 17 akaifikia anaweza kushtakiwa. Msomee hapa, mkiwa mmekaa pamoja.