Kulisoma Kasri la Blois: Ushauri kwa Wanaoanza Kuongoza Wageni

Ndugu zangu mnaoanza kazi ya kuongoza wageni katika makasri ya bonde la mto Loire, nchini Ufaransa, nawashauri mjifunze Blois kabla ya Chambord. Chambord ilianza kujengwa mwaka 1519 kwa mchoro mmoja mkubwa, kwa hiyo anayeuelewa mchoro ule amekwisha kulielewa jengo kwa sehemu kubwa. Blois ni kinyume chake. Ni ngome ya zama za kati iliyogeuzwa hatua kwa hatua kasri la Renesansi, mtindo mpya wa sanaa uliotoka Italia, na kila mfalme aliyejenga pale alilazimika kupatana na kuta alizozikuta. Ndiyo maana swali la kwanza ninalowataka mjiulize, kabla ya kuuliza nani alijenga na lini, ni hili: ni ukuta gani ambao mjenzi hakuweza kuubomoa, au hakutaka?

Mkishapita lango kuu, simameni katikati ya ua, mzunguke polepole. Kwenye pembe ya kulia kuna ukumbi wa watawala wa Blois wa mwanzoni mwa karne ya 13, wenye safu ya nguzo inayougawa sehemu mbili; humo ndimo mabaraza makuu ya wawakilishi wa tabaka za Ufaransa yalimokutana mwaka 1576 na mwaka 1588. Nyuma yenu, juu ya lango mliloingilia, ni jengo la Louis wa 12, lililojengwa kuanzia 1498 kwa matofali mekundu na mawe meupe. Mfalme huyu alizaliwa papo hapo Blois mwaka 1462, na alama yake ya nungunungu imechongwa ukutani. Jengo lenyewe bado ni la Kigothi, yaani mtindo wa zama za kati, kwa umbo. Mapambo ya Kiitalia yamepenya hapa na pale tu. Msilipite haraka kwa sababu hiyo, kwani bila kuliona hamtapima ukubwa wa hatua iliyofuata.

Hatua hiyo ni jengo la François wa Kwanza, lililoanzwa 1515, mwaka aliotawazwa. Hapa ndipo ninapowaomba mtumie muda wenu mwingi. Wageni hukimbilia ngazi za mzunguko, na wana haki: ni mnara wenye umbo la pembe nane, uliochomoza ukutani na ulio wazi, wenye roshani ambazo watu wa ikulu walisimama kutazama wanaowasili. Karibieni muangalie mawe yake. Mtaona herufi F yenye taji na salamanda, mnyama aliyedhaniwa kuishi katika moto bila kudhurika, ambaye mfalme alimchagua kuwa alama yake. Mtaona pia alama za mke wake, Malkia Claude, aliyefariki mwaka 1524, na ambaye mchango wake katika ujenzi huu husahauliwa mno na waongozaji. Alama za namna hii zina thamani kuliko simulizi, kwa sababu humwezesha mgeni kujua kwa macho yake mwenyewe sehemu fulani ni ya enzi ya nani.

Kisha rudini nyuma mpaka muone uso mzima wa jengo. Mistari ya mlalo na nguzo bapa zilizobandikwa ukutani huupa mpangilio wa miraba kama ilivyokuwa desturi Italia, lakini madirisha hayakuachana kwa nafasi sawa. Msimwambie mgeni kwamba mafundi walikosea. Walifuata mahitaji ya vyumba vya ndani na kuta walizozirithi, wakavisha juu yake vazi jipya. Vilevile mtaona kwamba ngazi hazipo katikati. Zamani upande wa kushoto uliendelea zaidi, hadi ulipobomolewa kiasi katika karne ya 17.

Baada ya hapo tokeni nje ya kasri, mshuke hadi uwanja wa Victor Hugo, mtazame jengo hilohilo kwa upande wa mji. Uso huu wa matao uliigwa kutoka kwenye baraza za msanifu Mwitalia Bramante kule Vatikani, ila kuna tofauti moja ambayo kwangu ndiyo somo zima la Blois. Kule Roma mtu anaweza kutembea chini ya matao kutoka mwanzo hadi mwisho. Hapa kila tao lina kijichumba chake, na havikuunganishwa. Sababu ni kwamba ukuta wa ngome ya zamani uliachwa mahali pake, vyumba vipya vikaongezwa nje yake, na ukuta uliokuwa wa kuzuia maadui ukawa ukuta wa katikati ya nyumba. Mkiingia ndani na kuvuka kutoka vyumba vya upande wa ua kwenda vya upande wa mji, angalieni unene wa ukuta mnaoupita mlangoni. Hata minara ya kale imemezwa humohumo.

Mtaulizwa pia kuhusu mauaji, nanyi jibuni kwa ufupi na kwa usahihi: Henri, mtawala wa Guise, aliuawa humo tarehe 23 Desemba 1588 kwa amri ya Mfalme Henri wa 3, na ndugu yake kardinali akauawa siku iliyofuata. Catherine de' Medici, mama yake mfalme huyo, alifariki katika kasri hilo tarehe 5 Januari 1589. Makabati ya siri katika chumba chake yapo kweli, na hufunguka kwa kukanyaga kipande cha mbao chini ya ukuta, lakini kusema yalikuwa ya kuhifadhia sumu ni hadithi ya baadaye. Wala msiseme kwamba msanii Mwitalia Leonardo da Vinci ndiye aliyezibuni ngazi zile za mzunguko. Alifika Ufaransa mwaka 1516 na kufia Amboise, mji wa jirani, mwaka 1519, jambo linalovutia kulitaja, lakini si ushahidi.

Jambo linalowapotosha wengi ni rangi. Mwaka 1788, kabla tu ya Mapinduzi ya Ufaransa, kasri liligeuzwa kambi ya askari na kuharibika vibaya, kisha katika karne ya 19 msanifu Félix Duban akalikarabati. Rangi za buluu na dhahabu kwenye dari ya ukumbi mkubwa ni kazi yake, si ya karne ya 13, na sanamu ya Louis wa 12 juu ya farasi langoni ni nakala ya karne ya 19, kwa kuwa ya asili ilivunjwa wakati wa Mapinduzi. Mwambieni mgeni ukweli huu mapema, bila kumdharau Duban, maana pasipo kazi yake tungekuwa na machache ya kuonyesha.

Malizieni kwa jengo la Gaston d'Orléans, mkabala na lango. François Mansart alilijenga kati ya 1635 na 1638 kwa mpangilio wenye ulinganifu kamili, na nia ilikuwa kuibomoa Blois yote ya zamani. Gaston alikuwa mrithi wa kiti cha ufalme, kwa kuwa kaka yake, Mfalme Louis wa 13, hakuwa bado na mtoto. Alipozaliwa mwana wa mfalme huyo, Louis wa 14, mwaka 1638, matumaini yake yalikatika pamoja na fedha, kazi ikasimama. Ngazi za jengo hilo zilikamilishwa mwaka 1932. Waonyesheni wageni kuba lililo juu yake, kisha wageuzeni watazame tena upande wa François wa Kwanza, waone pale ambapo ubomoaji ulikomea.