Dola 300, wanamuziki wanne: tununue ekutere zipi?

SWALI: Salamu yaya, kaka yetu mkubwa. Napiga besi kanisani kwetu Katuba, Lubumbashi. Mbele tuko wanne: ngoma, kinanda, mimi, na dada anayeongoza sifa. Paa ni mabati matupu. Returi, zile spika za jukwaani za kujisikilizia wenyewe, zikipandishwa waumini wanaziba masikio, zikishushwa sisi wenyewe tunapotea. Kamati imetoa dola 300 tununue ekutere za kuvaa sikioni. Muuzaji mmoja mjini anatusukumia za Bluetooth, anasema zina vispika vinane kila upande. Tuchukue hizo?

JIBU: Hapana, mdogo wangu. Bluetooth ni ya kusikilizia nyimbo ukiwa ndani ya basi. Sauti yake huchelewa, mara nyingi milisekunde 100 hadi 200, na wakati mwingine zaidi. Hewani sauti husafiri karibu mita 343 kwa sekunde, kwa hiyo kuchelewa milisekunde 200 ni sawa na mpiga ngoma kukaa karibu mita 69 kutoka hapo ulipo. Sasa shikeni sebene namna hiyo! Chukueni za waya. Wewe, mwenzako wa ngoma na yule wa kinanda hamtembei. Waya unawatosha kabisa.

Hivyo vispika vinane navyo visikuvute. Mtu wa besi anahitaji kwanza ekutere inayoziba sikio. Pakibaki upenyo, hata mwembamba, besi ndiyo inayokimbia ya kwanza, na hapo utapandisha sauti bure. Nimeona vijana wakitukana ekutere nzuri, kumbe kipira, kile cha kuingia sikioni, ni kidogo kwa sikio lao.

Jaribuni hivi. Kama kipira ni cha sifongo, kibinye kwa vidole mpaka kiwe chembamba. Pitisha mkono wa pili nyuma ya kichwa, vuta sikio juu na nyuma, ingiza, kisha shikilia palepale mpaka sifongo ijae. Utasikia kelele za chumba zikizama. Sema "mmm": sauti ikivuma ndani ya kichwa, umeziba. Halafu fungua kinywa kama unaimba noti ya mwisho ya wimbo. Besi ikipotea hapo, badilisha saizi. Dada wa sifa asiruke jaribio hili, maana taya likicheza tundu la sikio nalo hubadilika umbo. Na msishangae sikio la kulia likitaka saizi moja na la kushoto nyingine.

Kwa mwimbaji ningechukua Shure SE215. Marekani huuzwa karibu dola 100, na waya wake unachomoka, hivyo ukikatika mnanunua waya peke yake. Ninyi watatu chukueni za Kichina za bei ya chini, ila nazo ziwe na waya wa kuchomoka. Msimalize pesa yote kwenye ekutere! Kuna mashine ndogo ya kugawa sauti, kwa mfano Behringer HA400, yenye matundu manne na kila tundu kifungo chake cha sauti. Matundu yake ni yale makubwa, kwa hiyo nunueni adapta, na waya mrefu wa kuongezea kwa dada. Jueni pia kwamba wote wanne mtasikia mchanganyiko uleule. Kubalianeni mapema: sauti ya dada juu, ngoma ya mguu na besi wazi, kinanda kiasi.

Mashine hiyo ichukue sauti kutoka AUX ya mikisa, yaani tundu la pembeni la ile mashine ya kuchanganya sauti, na hiyo AUX iwe kwenye PRE, isifuate sauti ya ukumbi. Bila hivyo, kila mara fundi wa sono, yule wa mitambo ya sauti, akishusha fada (kile kitelezi cha sauti) kwa ajili ya ukumbi, sauti ya masikioni mwenu nayo inashuka.

Na hili ninakuomba kama kaka. Umeme ukikatika, toeni ekutere kabla jenereta haijawashwa. Mikisa ikiamka inaweza kupiga mlio mkali, na mlio huo hauna pa kwenda isipokuwa ndani ya sikio. Mimi ulinipata mazoezini miaka mingi iliyopita. Sikio langu la kushoto linalia "ssss" mpaka leo, na usiku ndipo linalia zaidi.

SWALI: Yaya, mimi ni mama wa shorale, naongoza kwaya, Kampemba hapa Lubumbashi. Nikivaa ekutere zote mbili najiona kama niko ndani ya chupa, waumini siwasikii wakiimba. Basi natoa moja. Ni vibaya?

JIBU: Mama, ninakuelewa. Kuongoza watu bila kuwasikia kunakata pumzi. Lakini ukitoa moja, sikio lililo wazi linapigwa na kelele za jukwaa, na lile lililozibwa unalipandishia sauti ili lishindane nazo. Yote mawili yanaumia. Shirika la Afya Duniani linahesabu desibeli 80 kuwa salama kwa saa 40 kwa wiki. Zikifika 90, saa zinabaki 4 tu. Ibada ya Jumapili na mazoezi mawili vinazimaliza.

Mwambie fundi asimamishe mikro moja mbele, iwatazame waumini, na aipeleke kwenye ekutere peke yake. Isiingie kwenye spika za ukumbi, itapiga kelele. Apandishe kidogo kidogo mpaka uwasikie wakiitikia.

Tena Mama, ekutere yako usimwazime mtu kabla ya kubadilisha vipira. Vya mpira laini vioshe kwa maji ya uvuguvugu na sabuni baada ya kuvichomoa, na vikauke kabisa kabla ya kuvirudisha. Hasa mwezi wa Oktoba, kwa jasho la Lubumbashi.