Kuwafuatilia vipepeo monaki msimu wa springi: anzia kwenye majani

Kila mwaka Machi ikiingia watu wananiuliza hapa Texas nawaonaje monaki mapema hivyo, wakati wao wanatazama juu wiki nzima hawaoni kitu. Jibu langu ni lile lile: acha kutazama juu, chuchumaa ugeuze majani ya milkwidi, mmea ambao monaki wanataga juu yake na viwavi wao wanakula majani yake.

Iko hivi. Monaki wanapitisha baridi Mexico, kwenye misitu ya milimani huko Michoacán na jimbo jirani, mita kama 3,000 juu, halafu Machi wanaanza kupanda kaskazini na wengi wanataga kwanza kaskazini mwa Mexico na huku kwetu. Wanaofika ni wazee kweli, ni wale wale walioshuka mwaka jana, mabawa yamechanika rangi imepauka. Jike anapita bustanini kwako muda mfupi tu, anagusa jani, anataga yai moja, huyoo kaenda zake, na kama ulikuwa kazini ndo basi tena. Ila yai limebaki, na litakaa hapo siku 3 mpaka 5 hivi kabla ya kuanguliwa. Hilo yai ndo ushahidi wako kwamba wamefika.

Litafute chini ya jani, hasa majani machanga. Ni dogo kama kichwa cha pini, jeupe lenye umanjano kidogo, limechongoka juu na lina mistari ya kwenda chini, kwa hiyo kioo cha kukuzia kinasaidia sana. Usichanganye na tone la utomvu, ambalo halina mistari, wala na vidukari vya njano, hao wanajazana kwa makundi wakati mayai ya monaki kwa kawaida yametagwa moja moja. Ukikuta tundu dogo la duara katikati ya jani geuza hilo jani haraka, mara nyingi kiwavi mchanga yupo hapo.

Ukiona kitu piga picha, andika tarehe na mahali, halafu tuma Journey North, mradi unaokusanya taarifa za watu wa kawaida tangu 1994. Usisubiri kipepeo tu, ripoti hata milkwidi inapochipua, kwa sababu jike akifika mmea haujatoka atataga wapi? Na kwenye daftari lako andika umekagua mimea mingapi hata siku ambayo hukuona yai hata moja. Watu wanadharau hiyo sifuri na mimi inaniuma, maana bila sifuri huwezi kujua mwaka huu wamepungua au wewe ndo hukuangalia. Na wamepungua jamani. Msimu wa baridi wa 1996-97 walifunika hekta kama 18 za msitu kule Mexico, 2023-24 hata hekta 1 haikufika, ilikuwa 0.9.

Usishangae viwavi wakipotea. Buibui, nyigu, na huku Texas hawa sisimizi wakali wanaouma kama moto, wote wanakula mayai na viwavi, wachache sana wanafika kuwa vipepeo. Najua inauma, ila usikimbilie kujaza viwavi kwenye ndoo ndani ya nyumba, wakibanana magonjwa yanasambaa haraka.

Kuhusu kupanda, tafuta milkwidi ya asili ya eneo lako, kwa Texas Asclepias viridis na Asclepias asperula ziko vizuri. Ile ya tropiki yenye maua mekundu na njano inauzwa kila mahali lakini sehemu zenye joto haifi wakati wa baridi, kimelea kinachoitwa OE kinazidi kujikusanya kwenye majani na viwavi wanakimeza. Kama unayo tayari ikate mpaka chini Oktoba. Na kabla hujalipa hela dukani uliza kama miche imepigwa dawa ya wadudu, wakishindwa kukujibu iache hapo hapo, hiyo dawa inaingia mpaka ndani ya jani na kiwavi akila anakufa.