Kama Ningeweza Mazoezi, Ningekatwa Tumbo Kwani?

Shikamoo dokta. Nina miaka 41, kilo 128, urefu sentimita 160, nina presha na sukari natumia vidonge. Nimepangiwa operesheni ya kupunguza tumbo la chakula ili nipungue uzito, miezi miwili ijayo, sasa wananiambia nianze mazoezi kabla. Jamani, kama ningeweza mazoezi si ningeshapungua, hela yote hiyo ya nini? Ngazi za ghorofa moja tu nahema kama nimekimbizwa, goti la kulia linagoma. Mume wangu anasema nitulie nikusanye nguvu. Mama Wawili, Tabata

Marahaba mama, ila mi sio dokta, ni mtu wa fiziotherapia, mimi ndo yule anayekuja kukuamsha kitandani wakati unatamani kulala.

Hakuna aliyesema hayo mazoezi ya kabla ni ya kukukondesha, miezi miwili ya kutembea haitashusha kilo za kutisha. Ni ya mapafu na miguu. Ukipigwa nusukaputi umelala chali na tumbo lile linasukuma juu, sehemu ya chini ya mapafu inasinyaa, ukiamka unaogopa kuvuta pumzi kwasababu kidonda kinauma, makohozi yanatuama humo humo, nimonia hiyo. Na miguu ikilala tu damu inaweza kuganda kwenye shavu la mguu, lile bonge likapanda mpaka kwenye mapafu, na hilo linaua. Ndo maana siku ile ile ya operesheni utaambiwa simama, tembea, na dripu yako mkononi. Sasa mtu ambaye hajazoea hata kunyanyuka kwenye sofa tutamsimamishaje?

Kwahiyo anza na kiti. Cha plastiki kigumu, sio sofa, egemeza ukutani kisiteleze. Kunja mikono kifuani, simama, kaa taratibu usijidondoshe, mara tano, pumzika, mara tano tena. Goti likigoma weka mto juu ya kiti, ukianzia juu goti halibebi sana, wiki ijayo toa mto. Afu jifunze kutoka kitandani kuanzia leo: geukia ubavu, shusha miguu, jisukume kwa mkono, usinyanyuke na tumbo. Linaonekana jambo la kijinga mpaka siku una vidonda tumboni.

Kutembea piga dakika kumi asubuhi, kumi jioni, ukizoea ongeza. Mwendo uwe ule wa kwamba kuongea unaweza ila kuimba huwezi. Nenda alfajiri kabla jua la Dar halijakuchoma. Kifua kikibana au ukiona kizunguzungu, simama hapo hapo na uwaambie madaktari wako. Wiki kama mbili za mwisho huwa wanakupunguzia sana chakula ili ini lenye mafuta linywee wapate nafasi ya kufanya kazi, kipindi hicho usijilazimishe, na uliza mapema kuhusu vidonge vya sukari maana kuna vingine ukivimeza na chakula ni kidogo afu ukatembea sukari inashuka unaanza kutetemeka na jasho jembamba.

Mumeo mwambie nguvu haikusanywi kitandani. Tena atembee na wewe.

Mambo vipi, nimefanyiwa sleeve, ile operesheni ya kukata tumbo la chakula libaki jembamba, wiki tatu zilizopita, kilo 14 zimeondoka, vidonda vimefunga, niko freshi kabisa. Naweza kurudi jimu kupiga chuma? Kijana wa Mbezi

Hapana kaka, bado. Vilivyofunga ni vile vitobo vya nje. Ndani umetolewa kama asilimia 80 ya tumbo la chakula, kuna mshono mrefu wa pini, na ukuta wa tumbo haujashika. Ukinyanyua chuma sasa hivi unatafuta ngiri. Wengi husubiri kama wiki 6 na ruhusa ya aliyekupasua. Mpaka hapo kidumu cha lita 5 ndo mwisho wako, ile ndoo ya lita 20 ni kilo 20, waachie wengine hata kama nyumbani watakuona mvivu. Tembea tu, tembea sana. Ila mguu mmoja ukivimba na kuuma, au pumzi ikakata, au homa, au moyo unadunda mbio umekaa tu, hiyo sio ya kuniandikia mimi, ni hospitali saa hiyo hiyo.

Afu hizo kilo 14 usizishangilie zote, humo kuna maji na misuli pia. Mwili ukinyimwa chakula unakula misuli, ndo maana chuma utakihitaji baadaye, ukianza na chupa za maji za nusu lita. Protini gramu 60 kwa siku angalau, na yai moja lina kama 6, kwahiyo changanya na samaki, dagaa, maziwa mgando, kidogo kidogo kwa hatua ya chakula uliyopo. Maji usiyagugumie kama zamani baada ya zoezi, hayana pa kwenda utatapika, tembea na chupa unywe funda moja moja kutwa nzima, na ukila subiri nusu saa ndo unywe.

Mwaka umepita, nimepungua kilo 47 nashukuru Mungu, ila ngozi ya tumbo na mikono inaning'inia. Nifanye zoezi gani ikaze? Dada wa Tanga

Ukweli dada, hakuna. Misuli ya mkono ukiifanyia kazi inajaza kidogo, ngozi iliyolegea hivyo hairudi kwa zoezi, anayekuuzia krimu anakula hela yako. Kuna operesheni ya kuikata uzito ukishatulia. Kwa sasa ukienda jogingi vaa taiti ya kiuno kirefu inayoshika tumbo, na ukirudi oga, kausha vizuri chini ya ule mkunjo, joto la Tanga na jasho pale ndo fangasi wanapoanzia.