Kipa kijana aliyekaa nje misimu miwili: mwache ashuke daraja akadake

Dada yangu wa Kijenge, nimelisoma swali lako mara mbili kabla ya kuandika, kwa sababu ni swali ambalo mama yangu mzazi alilibeba moyoni bila kuwa na mtu wa kumuuliza. Umesema mwanao ana miaka 20, ni kipa wa tatu wa timu ya Ligi Kuu, misimu miwili imepita hajacheza hata dakika moja, mkataba umebaki mwaka mmoja, na sasa timu ya hapo Arusha inayocheza Championship, daraja lililo chini ya Ligi Kuu, inamtaka kwa mkopo kwa mshahara mdogo kuliko anaoupata. Baba zake wadogo wanaona kushuka daraja ni aibu, na wewe unaogopa kwamba akishuka hatapanda tena. Jibu langu ni kwamba mwache ashuke, ilimradi huko aendako kuna nafasi ya kweli ya kudaka.

Mimi nimekulia Majengo, Moshi, na nimekaa langoni kwa miaka 12, mingi katika hiyo ikiwa ni ya madaraja ya chini. Nilipokuwa na miaka 19 nilisajiliwa na timu moja ya Ligi Kuu, na mtaa mzima ulijua. Nilikuwa kipa wa tatu kama mwanao. Kila asubuhi nilifanya mazoezi hadi jezi ikalowa, nikadaka mashuti ya washambuliaji ambao watu walilipa kiingilio ili kuwaona, na siku ya mechi nikakaa jukwaani nikiwa nimevaa nguo za nyumbani. Mshahara uliingia. Nyumbani walijua nimefika, na mimi mwenyewe niliamini kwamba ninakua, kwa kuwa mazoezini sikuwa nikifungwa ovyo.

Katika msimu wa pili kipa wa kwanza aliumia bega, wa pili akapewa kadi nyekundu, nami nikaambiwa siku ya Alhamisi kwamba Jumapili ninaanza. Siku hiyo mvua ilinyesha tangu asubuhi. Kipindi cha pili, tukiwa tunaongoza kwa bao moja, ilipigwa krosi kutoka upande wa kulia, mpira wa juu usio na kasi, ukishukia mbele ya lango langu, wa aina ambayo mazoezini niliifuata bila hata kufikiri. Nilitoka hatua mbili, kisha nikasimama. Beki wangu wa kati aligeuza shingo kunitazama akisubiri neno langu, kwa kuwa nikisema "kipa!" yeye anaacha, na nikisema "toa!" yeye anapiga. Sikusema lolote. Ukimya ule ulidumu labda sekunde moja, na mshambuliaji wao akaruka katikati yetu akafunga kwa kichwa. Tulitoka sare, na sikucheza tena pale. Mkataba ulipokwisha niliarifiwa kwa simu, wakati timu nyingi zilikuwa zimekwisha kufunga usajili.

Nimelifikiria kosa lile kwa miaka mingi, na ninachokiona ni kwamba mikono yangu haikuwa na tatizo. Lango lina upana wa mita 7.32 na kimo cha mita 2.44, na mazoezini kijana anaweza kujifunza kulifunika lote, kutoka mlingoti hadi mlingoti, hadi chini ya mtambaa wa panya. Jambo ambalo mazoezi hayamfundishi ni kuamua, ndani ya muda mfupi kuliko pumzi moja, kama mpira huu ni wake au ni wa beki, na kulitamka hilo kwa sauti mbele ya watu wanaomzidi umri, huku akijua kwamba akikosea hakuna mwingine nyuma yake. Uamuzi huo hujengwa na mechi za ushindani, moja baada ya nyingine, na kipa asiyecheza huwa anahifadhi mwili wake tu.

Wajomba na baba wadogo mara nyingi hupima kwa macho ya mchezaji wa ndani, yaani asiye kipa. Winga wa miaka 20 anaweza kuingizwa dakika ya 70 timu ikiongoza mabao matatu, akaonja ligi kidogo kidogo. Kipa habadilishwi hivyo. Nafasi ni moja, na aliye nayo akiwa mzima na hana makosa ataikalia msimu mzima, pengine misimu mitano. Isitoshe, timu kubwa zetu zinatafuta makipa nje ya nchi: Yanga ilimleta Djigui Diarra kutoka Mali mwaka 2021, na Simba ikamleta Moussa Camara kutoka Guinea mwaka 2024. Siwalaumu, kwani wanataka kipa aliyekwisha kukomaa, lakini kijana wetu aliye wa tatu kwenye foleni anapaswa kujua foleni hiyo inavyosogea.

Kuhusu hofu kwamba akishuka hapandi, tazama waliotangulia. Emiliano Martínez aliingia Arsenal akiwa kijana mdogo, akapelekwa kwa mkopo Oxford, Sheffield Wednesday, Rotherham, Wolves, Getafe na Reading, akaondoka kwenda Aston Villa mwaka 2020, na mwaka 2022 akatwaa Kombe la Dunia na Argentina. Édouard Mendy wa Senegal alimaliza mkataba na Cherbourg, timu ya daraja la chini Ufaransa, mwaka 2014 akiwa na miaka 22, akakaa mwaka mzima bila timu, na mwaka 2021 akabeba Ligi ya Mabingwa Ulaya na Chelsea. Umri nao hauwabani makipa kama unavyowabana wengine. Essam El Hadary wa Misri alidaka penalti kwenye Kombe la Dunia la 2018 akiwa na miaka 45, na hapa kwetu Juma Kaseja, akiwa amekwisha kuvuka miaka 30, ndiye aliyekuwa langoni mwaka 2019 Taifa Stars ilipoitoa Burundi kwa penalti katika kufuzu Kombe la Dunia. Kwa hiyo mwanao hajachelewa, ila miaka hiyo mirefu humfaa kipa anayeijaza mechi.

Niliporudi Moshi nilijiunga na timu ya daraja la chini ambayo haikuwa hata na kocha wa makipa. Mimi na kipa mwenzangu tulipigiana mipira wenyewe, kwenye uwanja mgumu wenye changarawe uliotuchubua nyonga hadi tukawa tunalala kwa upande mmoja. Katika mechi sita za mwanzo nilifungwa mabao 11, na nakiri kwamba nilitamani kuacha. Ilipofika mzunguko wa pili, beki wangu alikuwa hanitazami tena, kwa kuwa sauti yangu ilikuwa ikimfikia kabla krosi haijapigwa. Hapo nilijua kwamba nimekuwa kipa.

Mwanao akija huku atakuta mambo mengine ya kujifunza upya. Arusha iko takribani mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, na hewa ikiwa nyepesi mpira wa mbali hufika mapema kuliko unavyofika Dar es Salaam, hivyo asishangae wiki za mwanzo akichelewa kwa nusu hatua. Viwanja vingi vya madaraja ya chini vinarusha mpira vibaya, na tangu sheria ya mwaka 1992 iliyomkataza kipa kudaka mpira anaorudishiwa kwa mguu na mwenzake, kudunda vibaya mbele ya lango kumekuwa mtihani wa miguu. Tena kuanzia msimu wa 2025/26 kipa akishikilia mpira zaidi ya sekunde nane wapinzani wanapewa kona. Utulivu wa namna hiyo huja kwa kubanwa na wapinzani wa kweli.

Sasa nije kwenye karatasi, na hapa naomba uwe mkali, mama. Mkataba wa mkopo uandikwe na useme wazi ni timu ipi inalipa mshahara, ni ipi inalipa posho, na ni ipi inamtibu akiumia. Kidole changu kidogo cha kushoto hakinyooki hadi leo, kwa sababu nilivunjika mazoezini na timu niliyokuwa nayo wakati huo ikaahidi matibabu kwa mdomo tu. Asikubali kuongeza mkataba na timu yake mama kama sharti la kuachiwa, maana mwaka ukiisha ni afadhali awe huru akiwa na mechi 25 mguuni. Ajue pia kwamba kanuni za FIFA zinampa mchezaji asiyelipwa mishahara ya miezi miwili haki ya kuvunja mkataba, baada ya kuidai timu kwa maandishi na kuipa angalau siku 15.

Kabla hajasaini, aongee na kocha wa timu hiyo mpya mwenyewe, asimwachie wakala, na amuulize nani alidaka mechi tano zilizopita na kwa nini anatafutwa mwingine. Kipa wao akiwa ameuzwa au ana majeraha ya muda mrefu, aende. Akijibiwa kwamba "tutashindana mazoezini", asubiri timu nyingine, kwa sababu hapo atakuwa amehamisha benchi tu.

Jumamosi asubuhi huwa ninawafundisha makipa wadogo hapa Moshi. Akipata mapumziko, mwambie apande basi aje tumtazame akitoka kwenye krosi na mabeki wakiwa mbele yake. Aje na glovu zake kuukuu, zile mpya azitunze kwa mechi.